Trela ya boti inapochemka, kunguruma au kukataa kusimama: kutafuta kasoro kwenye beringi na breki

Hapa kwetu mashariki ya Kongo, boti haiwezi kutoka Bukavu kwenda Uvira kwa maji. Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu ukigonga mawe na kupita kwenye mabwawa ya umeme, kwa hiyo anayetaka kufika Ziwa Tanganyika hana njia ila kuipandisha boti kwenye trela, apite Nyangezi, ateremke mlima wa Ngomo hadi Kamanyola. Kivu iko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, Tanganyika 770 hivi. Mteremko huo wote unazuiwa na breki, na kwenye trela ya ekseli moja karibu uzito wote unakalia beringi nne zinazoenea kwenye viganja viwili.

Utasikia watu wakisema beringi imekufa njiani. Njiani ndiko inakoonekana tu kwamba imekufa. Ugonjwa wenyewe mara nyingi uliingia ziwani, siku boti iliposhushwa. Trela ikifika ufukweni kutoka Kavumu au Panzi, habu zake (vitovu vya magurudumu, ambamo beringi zimo) zina moto na hewa iliyo ndani imepanuka. Ukiirudisha papo hapo kwenye maji ya nyuzi 23 au 24, hewa ile inasinyaa ghafla na kufyonza maji kupitia sili ya nyuma, ile pete inayoziba habu. Hayaingii mengi. Kijiko kimoja kinatosha kuharibu grisi, kisha trela inaegeshwa wiki nzima na kutu inapata muda wa kuula uso laini wa chuma. Safari inayofuata ndiyo inayolipa.

Kwa hiyo ukiwa mbele ya trela yenye kasoro, swali la kwanza ni hili: mara ya mwisho iliingia majini lini, na ilipoingia habu zilikuwa na moto? Dereva akikujibu kwamba walifika wamechelewa wakashusha boti mara moja, umeshajua pa kuanzia kufungua. Kinga yake haina gharama yoyote: ngoja nusu saa. Fungua kamba za boti, chomoa waya wa taa, pakia mafuta, kunywa chai. Ukigusa habu na kukuta ni vuguvugu tu, rudisha trela.

Jua kwanza una trela gani

Trela zinazotoka Ulaya, ambazo ndizo nyingi kwetu, zina breki za kusukumwa: gari likipunguza mwendo, trela inalisukuma, fimbo ya kichwani inaingia ndani, inavuta chuma kirefu kilicho chini ya fremu, nacho kinavuta nyaya mbili hadi kwenye ngoma za breki. Hakuna mafuta ya breki humo. Trela nyingi za boti za Kimarekani zinafanya kazi kwa msukumo uleule, ila fimbo inasukuma masta silinda (pampu ya mafuta ya breki) na mafuta ndiyo yanayopeleka nguvu. Kuna kundi la tatu, trela nyepesi zisizo na breki kabisa. Ulaya hizo zinaruhusiwa mpaka uzito wa jumla wa kilo 750, trela pamoja na mzigo. Boti ya chuma yenye injini, tangi la mafuta na nanga huvuka kiwango hicho upesi. Ukiikuta imepakiwa kwenye trela ya namna hiyo usihangaike kutafuta kasoro ya breki. Kasoro ni trela yenyewe.

Habu moja ina moto kuliko nyingine

Hii ndiyo dalili yenye manufaa kuliko zote, kwa sababu inakuja mapema na haihitaji chombo. Kila unaposimama, zunguka trela na uguse habu kwa mgongo wa mkono. Anza kwa kuusogeza mkono karibu bila kugusa. Kama unasikia joto hewani, usiguse. Vuguvugu ni kawaida. Joto linalokufanya uondoe mkono si kawaida, na tofauti kubwa kati ya kulia na kushoto si kawaida hata kama hakuna iliyofikia kuunguza. Kama mkono unaogopa, dondosha matone ya maji kwenye kofia ya habu. Kwa urefu wa Bukavu maji yanachemka karibu na nyuzi 95, si 100. Tone likilia na kutoweka, habu imeshavuka hapo na safari imekwisha mpaka ujue sababu.

Sababu ziko mbili, beringi au breki inayoburuta, na wengi hubahatisha. Zitenganishe hivi. Angalia kwanza joto limekaa wapi: likiwa kali zaidi katikati, penye kofia, shuku beringi, likiwa kali kwenye ukingo wa ngoma na kuna harufu ya kuungua, shuku breki. Halafu weka vizuizi kwenye gurudumu la upande wa pili, inua kwa jeki, egemeza ekseli juu ya kigingi cha chuma (usiamini jeki peke yake, hasa kwenye udongo mwekundu uliolowa), achia breki ya mkono, zungusha gurudumu kwa mkono kuelekea mbele. Likizunguka kwa wepesi huku linanguruma, ni beringi. Likisimama upesi kwa mkwaruzo laini, viatu vya breki, vile vipande vinavyobana ngoma kutoka ndani, vinaigusa. Likikwama mahali pamoja kila mzunguko, ngoma imepoteza uduara au ina kutu upande mmoja.

Zikiwa na moto zote mbili kwa kiasi sawa baada ya kushuka Ngomo, hilo si kosa la beringi. Breki za kusukumwa hufanya kazi mfululizo kwenye mteremko, maana trela haiachi kusukuma. Dawa yake ni gia ndogo ya gari tangu juu, na kusimama njiani kuziacha zipoe zenyewe. Wapo wanaomwagia maji. Ngoma ya chuma yenye moto mkali ikimwagiwa maji baridi inaweza kupasuka, na habu inayafyonza maji hayo kama ilivyofyonza ya ziwani.

Gurudumu linanguruma, au linacheza

Gurudumu likiwa juu ya jeki, lishike kwa mikono miwili, mmoja juu na mmoja chini, ulisukume na kulivuta. Kwenye beringi za roli za kukazwa kwa nati, mchezo mdogo sana, wa kuhisiwa zaidi ya kuonekana, unatakiwa uwepo. Ukisikia mgongano wa chuma, au ukiona gurudumu linainama, kuna nati iliyolegea au beringi iliyokwisha. Weka kidole kwenye springi au kwenye fremu karibu na ekseli huku mwenzio anazungusha gurudumu: mkwaruzo wa beringi unasafiri kwenye chuma na unausikia kidoleni hata sikio likikosa.

Sasa fungua. Toa kofia, nyoosha pini inayofunga nati, toa nati na pete bapa iliyo chini yake (washa), vuta habu taratibu, beringi ya nje itakuangukia mkononi. Kabla ya kufuta chochote, tazama grisi, kwa sababu ukishaifuta umefuta ushahidi. Grisi nyeupe kama maziwa, au ya rangi ya chai ya maziwa, imeingiwa na maji. Grisi nyeusi na ngumu yenye harufu ya kuungua imepikwa. Ukiisugua kati ya vidole viwili ikameta kwenye jua, hayo mameto ni chuma cha beringi yenyewe.

Osha kwa mafuta ya taa au mazuti (dizeli), si petroli, hasa kama kuna jiko la makaa karibu na mnapofanyia kazi. Kausha kwa kitambaa. Usiipulizie hewa ya kompresa ili izunguke kwa kasi. Sauti inafurahisha vijana wa gereji, lakini beringi kavu inayozunguka hivyo inajikwaruza, na roli ikiruka inajeruhi. Kisha itazame kwenye mwanga. Madoa ya rangi ya samawati au ya majani makavu yanaeleza kwamba ilipata moto kupita kiasi: ilikosa grisi, ilikazwa mno, au ilibeba mzigo usio wake. Vishimo vidogo vyenye kutu ni maji. Mistari ya vibonyo iliyopangika kwa umbali uleule kwenye kikombe (ile pete ya nje ambamo roli huzunguka), sawasawa na nafasi ya roli, ni mapigo: gurudumu liliingia shimoni kwa nguvu na kila roli ikaacha alama yake. Hiyo ya mwisho hutokea hata kwenye beringi yenye grisi nzuri kabisa, na hakuna ya kulaumiwa ila mwendo.

Dalili yoyote kati ya hizo inamaanisha kubadilisha, na ubadilishe pande zote mbili za beringi: roli pamoja na kikombe chake kilichomo ndani ya habu. Roli mpya kwenye kikombe cha zamani inarithi vibonyo vyake. Namba imechongwa ubavuni mwa chuma. Iandike kabla ya kwenda dukani, usiende na maelezo ya mdomo. 30205 ina tundu la milimita 25, 30206 la milimita 30. Trela za Kimarekani za ekseli ya kati huwa na L44649 nje na L68149 ndani, na vikombe vyake vina namba tofauti, L44610 na L68111, kwa hiyo andika zote. Muuzaji akikuambia hii inalingana tu, weka ya zamani na mpya juu ya meza uzilinganishe kwa kipimo. Na ununue sili mpya kila mara, kwa sababu sili iliyong'olewa hairudi ikaziba tena.

Kupaka grisi ndipo kazi nyingi inapoharibika. Kuipaka beringi kwa nje kama mkate hakusaidii kitu. Weka donge la grisi katikati ya kiganja cha kushoto, shika beringi kwa mkono wa kulia upande mpana ukitazama chini, uibonyeze na kuivuta kwenye ukingo wa donge mpaka uone grisi inachomoza juu kati ya roli, kama vijiti vidogo. Geuza kidogo, rudia, mpaka umezunguka yote. Grisi mpya ikianza kutoka safi kila upande, imejaa. Tumia grisi ya boti inayostahimili maji, na usichanganye aina mbili: baadhi ya grisi zikikutana zinakuwa majimaji na kukimbia. Kama hujui ya zamani ni ipi, osha yote.

Halafu nati. Maswali yanayoulizwa Kadutu, hapo Bukavu, ni yaleyale.

"Papa fundi, niikaze mpaka basi?"

"Hapana, mwanangu. Kaza huku unazungusha gurudumu, mpaka lianze kuwa zito. Legeza. Kisha rudisha kwa vidole, basi. Spana uiweke chini."

Kuzungusha wakati wa kukaza ndiko kunakoziketisha roli mahali pake. Ukiishia kwenye ile hatua ya uzito, beringi itapika grisi yake kabla ya kufika Nyangezi. Weka pini mpya, ipinde, zungusha mara ya mwisho. Baada ya kilomita chache simama uguse.

Kuna habu za Ulaya ambazo hazifunguliwi hivi. Beringi yake ni moja, imefungwa kiwandani pamoja na grisi yake, na nati ni ya kutumika mara moja tu. Hizo hazipakwi grisi wala hazirekebishwi, zikinguruma zinabadilishwa. Nati yake inakazwa kwa nguvu kubwa sana, karibu Nm (niutoni-mita) 290 kwenye ekseli za AL-KO, na bila spana ya kupimia nguvu hiyo usiiguse. Mtu akikwambia ameikaza kwa bomba refu na uzito wa mwili wake, hajui ameikaza kiasi gani, na wewe hujui unaendesha nini.

Grisi imetapakaa ndani ya rimu

Ikitoka mbele, kofia imelegea. Gonga kuzunguka ukingo wake kwa kipande cha mbao, au badilisha. Ikitoka nyuma, upande wa ndani wa gurudumu, sili imekufa, au imesukumwa nje na mtu mwenye bomba la grisi na moyo mkunjufu. Hili ni la zile kofia za springi zenye chuchu ya kupitishia grisi, kama Bearing Buddy za Marekani, ambazo zinasukuma grisi kidogo kidogo ili maji yasiingie. Ni kitu kizuri, lakini sahani yake ikishasogea mbele imetosha. Ukiendelea kupampu, grisi inatafuta pa kutokea, na pa kutokea ni kwenye sili, na nyuma ya sili kuna viatu vya breki. Viatu vilivyoloa grisi havioshwi vikapona. Vinabadilishwa, pande zote mbili za ekseli, la sivyo trela itavuta upande mmoja.

Trela inasukuma gari, haisimami

Kwa breki za nyaya, kosa la kwanza ni la marekebisho, kabla ya kushuku viatu vilivyokwisha. Viatu vinapungua unene polepole, pengo linaongezeka, na fundi asiye na subira anaenda kwenye chuma kirefu kilicho chini ya fremu anakikaza hapo kwa kuwa ndipo rahisi kufika. Breki inaonekana imerudi. Kumbe viatu viko palepale, nyaya zimekazwa bure, na upande mmoja unaanza kuburuta.

Mpangilio ni kuanzia gurudumuni kwenda kichwani. Achia breki ya mkono, vuta fimbo ya kichwani mpaka mwisho, inua gurudumu. Geuza kirekebishi cha ngoma mpaka gurudumu lishikwe, kisha kirudishe mpaka lizunguke huru. Lizungushe kwenda mbele tu; ukilizungusha nyuma unaamsha ule utaratibu unaoachia breki wakati wa kurudi, na kipimo chako kinakuwa uongo. Ngoma zote mbili zikishakaa sawa ndipo uondoe ulegevu wa nyaya, na chuma kirefu kiwe cha mwisho, kikaguswe bila kuvutwa. Kile kipande kinachogawa nguvu kwa nyaya mbili kikae mraba. Kikiinama, waya mmoja umekwama ndani ya ganda lake au umeachia nyuzi. Maji ya Kivu hayana chumvi ya bahari, ila yana madini na magadi mengi, na yakikauka yanaacha ukoko mweupe. Waya ulioshika ukoko na kutu unaenda ukivutwa lakini haurudi. Usiutilie mafuta ukatumaini, badilisha.

Kwa breki za mafuta, angalia rangi ya mafuta kwenye masta silinda. Mafuta ya DOT 3 na DOT 4 yananyonya unyevu. DOT 3 mpya inachemka nyuzi 205 au zaidi, iliyonyonya maji inaweza kuchemka kwenye 140, na 140 si nyingi ndani ya silinda ya gurudumu katikati ya Ngomo. Yakichemka kunakuwa na mvuke, mvuke unabonyea, na breki inayeyuka wakati unaihitaji. Mafuta yakiwa ya kahawia, yamwage, weka mapya, toa hewa ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na kichwa.

Inagonga kila unapokanyaga breki

Mlio wa "kang" kwenye kichwa cha trela ni shokomzoba ya ndani ya fimbo imekufa, au bushi zake zimelika. Isukume fimbo ndani kwa nguvu: inatakiwa ikatae, iingie polepole, kisha irudi yenyewe polepole. Ikiingia bila upinzani, au ikibaki ndani, inunuliwe nyingine. Kabla ya hapo hakikisha chuchu za grisi za fimbo hazijaziba udongo, maana fimbo kavu nayo inakwama.

Haikubali kurudi nyuma ufukweni

Gari linarudi, trela inashika breki, matairi ya gari yanachimba matope. Kwenye trela za zamani sana kuna kizuizi cha kuweka kwa mkono kichwani ili fimbo isiingie. Kitafute kwanza, na ukumbuke kukitoa. Kwenye trela za karibuni kiatu kimoja kinatakiwa kiachie chenyewe gurudumu likigeuka nyuma. Kisipoachia, ama breki zimekazwa mno, ama kile kiungo kidogo ndani ya ngoma kimeganda kwa kutu. Fungua, safisha, tia grisi kidogo mno inayostahimili joto kwenye viungo, mbali na viatu.

Gurudumu limeganda baada ya kuegeshwa: umetoka majini ukavuta breki ya mkono, viatu vyenye maji vimeshikana na ngoma. Gonga ngoma kwa nyundo ya mbao kuzunguka ukingo. Siku nyingine weka mawe chini ya magurudumu, uache breki ya mkono wazi, na baada ya kutoka ziwani endesha kidogo ukikanyaga breki ili zikauke.

Ikikufia njiani

Ukisikia kelele ya chuma na kuona moshi kwenye gurudumu, simama hapo ulipo, pembeni kadiri barabara inavyoruhusu, tia mawe kwenye magurudumu, toa abiria wote upande wa mlima. Usilivute "mpaka kijijini tu". Beringi iliyovunjika inakula ncha ya ekseli, na ncha ikishapata mfereji hata beringi mpya haitakaa. Kitu ambacho kingekuwa cha beringi na sili kinakuwa cha ekseli nzima. Kama una beringi za akiba, sili, pini, kofia, kopo la grisi na jeki inayobeba trela ikiwa na boti, kazi inafanyika palepale kando ya njia habu ikishapoa. Kama huna, punguza uzito kwanza: toa injini, matangi na nanga kwenye boti, vipakiwe kwenye gari lingine, ndipo umtume mtu Bukavu na ile beringi iliyovunjika mkononi, namba zake zikiwa bado zinasomeka.